Mlazo wa Kichwa cha Sekela

Sheria inasema mashine haiwezi kukaza kichwa cha mgonjwa mpaka binadamu aliyesimama chumbani atamke neno "nimeridhika". Huyo binadamu ni mimi. Jina langu Atupakisye, lakini hospitali nzima inaniita Mama Atu, na wale vijana wa dawa za usingizi wakidhani siwasikii wananiita Mama Vichwa. Sijali. Nimelaza watu mezani kwa mikono hii miaka ishirini na sita, na hao wanaonicheka wengi wao nimewafundisha mimi namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumtegua bega.

Watu wanadhani upasuaji ni kisu. Chukua mtu mwenye uso unaocheza: kope inarukaruka, shavu linavutwa, mdomo unakwenda upande bila mwenyewe kutaka. Shida yake iko ndani, nyuma ya sikio, ambako mshipa wa damu umeegemea neva ya uso na unaipigapiga kila moyo unapodunda. Daktari anatoboa tundu nyuma ya sikio, anausogeza mshipa, anaweka kipande cha pamba maalumu katikati, basi. Ila ili afike huko lazima ubongo mdogo umpishe, na hakuna cha kuuvuta zaidi ya uzito wake wenyewe. Kwa hiyo mgonjwa analazwa ubavu, kidevu kinashushwa mpaka ibaki nafasi ya vidole viwili kabla ya kifua, halafu utosi unainamishwa kuelekea sakafuni. Ukiinamisha pungufu, daktari haoni kitu. Ukizidisha, ubongo unaning'inia na kuivuta neva ya kusikia, ambayo inapita palepale na ni nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo. Hayo yote yanaamuliwa kabla daktari hajanawa mikono.

Zamani nilikuwa naamua mimi. Kisha wakanivisha glavu zenye nyaya, nikazivaa miaka miwili katika jengo la zamani, na kila kichwa nilichokiinamisha kikaingia kwenye kumbukumbu. Kutokana na kumbukumbu hizo wakaunda Mlazaji, mikono miwili ya chuma inayoning'inia darini kwenye jengo jipya. Nisiseme uongo, nilijivuna. Nilimwambia hadi mchungaji kwamba nikifa leo mikono yangu itabaki inafanya kazi.

Na Mlazaji alifanya kazi. Tangu aje, hakuna uso hata mmoja uliotoka mezani bado unacheza. Kuna waliotoka na sikio moja limekufa, tisa kwa hesabu yangu, lakini hayo yaliandikwa "madhara yanayovumilika". Wanaotuletea wagonjwa ni Mamlaka ya Utambuzi, na wao wanapima nyuso tu, maana siku hizi mageti na madirisha yote yanafunguka kwa uso. Geti halina haja na masikio yako.

*

Sekela Mwakalobo nilimkuta getini, siku ya ukungu na manyunyu, kama ilivyo huku kwetu karibu mwaka mzima. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, sweta la kijani, mfuko begani. Kisomaji cha nyuso kilikuwa kinamwambia kwa ile sauti yake ya upole, "Tulia. Tazama mbele. Tulia."

"Nimetulia," alikijibu. "Uso ndio hautulii."

Shavu lake la kushoto lilikuwa linaruka, jicho linafumba na kufumbua lenyewe. Kisomaji kikiona hivyo kinadhani mtu amevaa sura ya mwenzake, na kinafunga. Nilimwambia mlinzi afungue kwa mkono, nikaweka uso wangu kama dhamana, tukaingia.

"Ndaga, mama," alinishukuru. "Mwezi wa nne huu sijaingia popote kwa geti la mbele. Hata kwa Bwana Mungu siku hizi wameweka kisomaji."

Nilicheka. Nilimpenda saa ileile, na hilo nalo liandikwe kwenye makosa yangu.

Kwenye chumba cha vipimo nilimkalisha, nikamvalisha vipokea sauti. Sikio la kushoto likajibu vizuri. La kulia kimya. Nikaongeza sauti mpaka sindano ikagonga mwisho, bado kimya.

"Hilo usihangaike nalo," alisema. "Lilikufa nikiwa na miaka sita. Malaria ya kichwa, nikatundikiwa dripu ya kwinini, nilipoamka lilikuwa limeshaondoka. Nimezoea. Watu wote nawaweka upande wa kushoto."

Uso wake ulicheza kushoto. Maana yake tundu litatobolewa kushoto, nyuma ya sikio pekee alilokuwa nalo. Nilimuuliza nani yuko nyumbani.

"Mzee wangu tu, Asangalwisye. Sukari ilimla macho yote mawili, yamekuwa meupe, kisomaji hakimtambui. Kwa hiyo mlezi wa kaya ni mimi, na dirisha la dawa linataka uso wa mlezi. Tangu uso uanze vituko hivi sijachukua sindano zake. Kuna jirani ana mama yake mwenye sukari, ananigawia kidogo, lakini na yeye hazimtoshi."

"Hukupeleka barua ya daktari?"

"Dirisha halisomi barua, mama." Akauweka mfuko wake magotini. "Na daftari la walezi linafungwa tarehe thelathini. Wakilifunga uso wangu haujasomeka, ndiyo miaka miwili tena kabla ya kufunguliwa. Mzee hana miaka miwili bila sindano. Hana hata mwezi."

Nilimwambia yuko kwenye orodha, atafanyiwa tarehe kumi na nne, zitabaki siku kumi na sita. Alishukuru. Kisha akafungua mfuko wake akatoa khanga mpya iliyokunjwa vizuri, akaniwekea mapajani.

"Dada yangu alipasuliwa kwenye lile jengo la zamani. Mlituambia tulete khanga mbili, moja ya kujifunika, moja ya kulalia kichwa. Hiyo ndiyo ya kichwa."

"Siku hizi hairuhusiwi," nilimwambia. "Wanasema inaleta vijidudu. Siku hizi chini ya kichwa hatuweki kitu."

Nilisema hivyo kwa mazoea, kama ninavyowaambia wote. Halafu nikabaki nimeishika ile khanga, nahesabu mikunjo yake.

*

Kwenye jengo la zamani mito ya mpira ya kulalia kichwa iliisha mwaka wa kwanza, na ombi letu la mingine liko kwenye droo ya mtu mpaka leo. Sisi tukafanya wanavyofanya watu wa huku, tukawaambia ndugu walete khanga. Nilikuwa naikunja mara nane, naiweka juu ya kiegemeo, kichwa kinalala hapo. Kisha nakishika, misumari mitatu inakibana, tunaondoa kiegemeo, nainamisha. Glavu zilirekodi safari ya mikono yangu, kutoka kichwa kilipolala mpaka kilipofika. Khanga hazikuirekodi, kwa sababu khanga haina waya.

Mchana ule wakati wa chakula niliingia chumba cha upasuaji peke yangu. Tuna kichwa cha plasta cha kufundishia wanafunzi. Nikakilaza kwenye kiegemeo kitupu, nikamwamuru Mlazaji akiinamishe, nikapima utosi ulipoishia. Kisha nikakilaza juu ya khanga ya Sekela niliyoikunja mara nane, nikamwamuru tena. Mlazaji alikwenda safari ileile, urefu uleule, ila safari hii alianzia juu na kuishia juu. Tofauti ilikuwa vidole vitatu.

Vidole vitatu vya utosi kwenda chini ni vingi mno. Ndiyo maana madaktari walikuwa wanaona uwazi mkubwa hivyo, na ndiyo maana nyuso zote zilitulia mezani. Na ndiyo maana masikio tisa yalikufa. Nilikuwa nimesimama pale kila mara, miguu yangu imekaa kwenye vigae, nikasema nimeridhika mara zote. Nilikaa kwenye kiti cha mtu wa usingizi nikalia, sina haja ya kuficha.

Dk. Gwakisa nilimvuta nyuma ya stoo ya oksijeni, mahali ambapo kuta hazina vinasa sauti. Ni kijana mzuri, mkono wake mwepesi, kosa lake moja ni kuomba radhi kabla hajaambiwa neno. Nilimweleza yote. Alisikiliza huku akichubua rangi ya ukuta kwa kucha.

"Nilidhani ni mimi," alisema mwishowe. "Nilidhani nimekuwa fundi."

"Nataka kuandika ripoti, daktari."

"Andika, mama. Ukiandika leo, Mlazaji anafungwa leo, hiyo ni sheria. Kumfundisha upya ni miezi mitano. Kwenye orodha wamebaki watu arobaini na mmoja, na daftari linafungwa tarehe thelathini." Akaacha kuchubua ukuta. "Samahani. Mimi sikukatazi. Ila hao arobaini, kila mmoja ana sikio la pili. Kaya ya pili hawana."

"Sekela hana sikio la pili."

"Najua."

"Basi tumlaze kwa mkono."

"Haiwezekani. Mkono wa mashine wa kutobolea fuvu hauwaki mpaka Mlazaji akaze kichwa yeye."

Mpishi wa hospitali alipita na ndoo ya viazi, akatusalimia, tukamwitikia. Ndipo nikasema lile nililokuwa nalo tumboni tangu mchana: kwamba Mlazaji hana habari ya kilicho chini ya kichwa, na kwamba khanga ikikaa chini ya shuka, atainamisha sawasawa na mikono yangu ya zamani.

Dk. Gwakisa aliwaza. "Sikio litakuwa na nafasi nzuri," alisema. "Ila mimi nitarudi kwenye uwazi wa zamani. Unakumbuka zamani ilivyokuwa? Uso ulitulia mezani kwa watu sita kati ya kumi. Wengine walitulia baadaye, wiki, miezi. Wengine hawakutulia. Na yeye ana siku kumi na sita."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo muulize mwenyewe, mama. Mwambie hapa nje, usimwambie ndani. Ikisikika ndani inaandikwa, na ikiandikwa tumefunga."

*

Nilimuuliza siku ya tarehe kumi na tatu, kwenye ukumbi ambako ndugu wa wagonjwa wanapika. Moshi ulikuwa mwingi, hakuna aliyetusikiliza. Nilikaa upande wake wa kushoto na nikamwambia kila kitu, glavu, khanga, vidole vitatu, masikio tisa. Nilitegemea atanipiga kofi, na ningelipokea.

Sekela alipanguza jicho lililokuwa linafumba lenyewe. "Bila khanga uso unatulia?"

"Mpaka leo haujashindikana hata mmoja."

"Na sikio?"

"Linaweza kupona. Linaweza kufa. Kwa wengine lilikufa kama kwa watatu katika kumi, lakini wewe likifa ndiyo basi. Hutasikia tena kitu chochote duniani."

"Na ukiweka khanga?"

"Sikio nina hakika nalo karibu kabisa. Uso sina hakika nao. Unaweza kutulia palepale, unaweza kuchelewa."

Alifikiri muda mfupi kuliko nilivyotaka. "Usiweke," alisema.

"Sekela, mzee wako haoni. Wewe ukiwa husikii, mtazungumzaje?"

"Yeye atasema, mimi nitamtazama mdomo. Mimi nitasema, yeye atasikia. Kama kuna neno kubwa ataniandikia mkononi kwa kidole, kusoma tulisoma wote. Sisi watu wazima, tutazoea." Shavu likaruka, akalishika kwa kiganja. "Anaimba vibaya sana, unajua? Kila asubuhi anaimba nyimbo za kwaya, sauti ya nne, hakuna hata noti moja inayokaa. Nitaikosa hiyo. Lakini sindano haziji kwa kuimba. Usiweke khanga, mama. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Nilimwelewa. Sikusema kwamba nitafanya.

*

Tarehe kumi na nne, saa mbili asubuhi, alikuwa mezani amelala usingizi wa dawa, ubavu wa kulia chini. Sista Lusubilo alikuwa anapanga vyombo na amenipa mgongo. Mimi ndiye ninayetandika kiegemeo, hiyo kazi waliniachia. Khanga ilikuwa ndani ya joho langu, nimeifua, nimeichemsha na vyombo, nimeipiga pasi. Nilikuwa nimeshafanya hayo yote huku nikijiambia sijaamua.

Nitasema kwa nini, maana nimejiuliza sana. Ningependa kusema nilimhurumia Sekela. Nilimhurumia, ndiyo. Lakini nilipokuwa nimekishika kichwa chake, sikumfikiria yeye wala mzee wake. Nilifikiria yale masikio tisa. Nilitaka niwe na moja ambalo sikuliua. Nilitaka niende nyumbani kwangu siku moja na mikono yangu iwe yangu tena. Nikaiweka khanga chini ya shuka ya kijani, mikunjo minane, nikakilaza kichwa chake juu yake.

Mlazaji alishuka. Misumari ikashika, kiegemeo kikatolewa, kichwa kikainama taratibu, kikasimama. Niliweka vidole viwili chini ya kidevu, vikaingia sawasawa. Nikatazama utosi, nikatazama mfupa wa nyuma ya sikio, ndio ulikuwa juu kuliko vyote, kama inavyotakiwa. Ulikuwa mlazo mzuri kuliko wowote niliouona kwenye jengo lile.

"Shahidi," Mlazaji aliuliza, "umeridhika?"

"Nimeridhika," nikasema.

Dk. Gwakisa aliinamia darubini, akairekebisha mara mbili. Kisha aliinua macho akanitazama juu ya barakoa. "Leo nafasi ni nyembamba," alisema, basi, hakuongeza. Angeweza kusimamisha. Angesimamisha, ingebidi aseme sababu mbele ya vinasa sauti. Akaendelea. Alifanya kazi kwa muda wa saa nne na nusu, jasho likimtoka mpaka Sista Lusubilo akachoka kumfuta.

Kwenye skrini kuna mistari miwili tunayoiangalia. Wa juu ni wa sikio: kila mlio mdogo tunaotia sikioni, ubongo unajibu na wimbi. Mawimbi yale yalisimama imara mwanzo mpaka mwisho, hayakupungua hata kidogo. Mstari wa chini ni wa uso. Mshipa ukishasogezwa, lile wimbi la mtikisiko linatakiwa kuzimika. Daktari aliona mshipa, aliusogeza, aliweka pamba. Wimbi lilipungua, likawa dogo, lakini halikuzimika.

"Labda litachelewa," alisema.

*

Sekela alipoamka nilikuwa pembeni ya kitanda. Nilimwita kwa sauti ya chini kabisa, nikiwa nimesimama upande wa miguuni. Aligeuza macho papo hapo. Alinisikia, na kwa nusu dakika nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Halafu akainua mkono akagusa shavu. Likaruka chini ya vidole vyake. Aliacha mkono pale, akahesabu, likaruka tena na tena. Akanitazama.

"Umeiweka," alisema.

"Sekela."

"Nilikwambia usiweke."

"Wakati mwingine uso unachelewa kutulia. Wiki moja, mbili. Bado kuna siku."

"Nilikwambia, mama." Hakupaza sauti. Aligeukia ukutani, akalalia lile sikio zima, kusudi asinisikie.

Siku zilizobaki nilihangaika. Kila asubuhi nilimpeleka dirishani, kila asubuhi likamwambia atulie, atazame mbele. Tulijaribu kulibana shavu kwa plasta, likasema uso umefunikwa. Tulimpeleka mzee mwenyewe, mtu mrefu mwenye koti la harusi ya zamani, akasimama mbele ya kioo na macho yake meupe, akauliza kwa adabu atazame wapi. Nilikwenda wodini kuomba kitanda, wakaniambia mgonjwa anapokelewa kaya yake ikisomeka. Tarehe ishirini na sita niliiba sindano sita kwenye kabati la dawa. Kabati lilinisoma vizuri sana. Kesho yake nilipoweka uso halikufunguka, na barua ya onyo ikanikuta mezani.

Wakati huohuo kazi iliendelea. Wale arobaini walilazwa mmoja baada ya mwingine, bila khanga, na mimi nikasema nimeridhika mara arobaini. Nyuso zao zote zilitulia. Kumi na mmoja waliacha sikio moja mezani. Walinishukuru wote, wengine waliniletea ndizi. Ripoti niliiandika tarehe moja, daftari lilipokuwa limekwisha kufungwa na hakuna tena wa kudhurika nayo ila mimi. Mpaka leo hawajanijibu.

Mzee Asangalwisye alikufa tarehe tisa. Sikwenda kwenye mazishi. Nilifika mpaka kwenye njia ya kwao, nikasikia watu wanaimba, nikarudi.

*

Siku ya arobaini na tatu tangu apasuliwe, Sekela alikuja hospitali. Nilikuwa nimesimama nje ya jengo nikamwona anakaribia geti, khanga nyeusi kichwani. Alisimama mbele ya kisomaji. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Shavu, kope, mdomo, vyote viko mahali pake, uso wa mwanamke mzuri ambaye sikuwahi kumwona.

"Karibu, Sekela Mwakalobo," kisomaji kilimwambia. "Kaya ya mtu mmoja."

Geti likafunguka. Alipita.

Dk. Gwakisa alimpima mwenyewe. Uso safi, sikio safi, kovu limepona vizuri. Aliandika kwenye fomu maneno ambayo madaktari wanapenda kuyaandika, upasuaji umefanikiwa kikamilifu, kisha akatoka akatuacha na hakurudi. Sekela alibaki amekaa kwenye kile kiti cha vipimo. Nilikaa upande wake wa kushoto kwa mazoea, halafu nikaona haya, nikataka kuhama.

"Kaa tu," alisema.

"Umeanza kutulia lini?"

"Juzi. Nilikuwa nachambua mchele. Nikaona mbona naona vizuri." Alijipapasa shavu kama mtu anayegusa kitu cha mwenzake. "Leo ni siku ya kumi na nane tangu afe, siku ya kumi na sita ndiyo ukatulia."

Nilichukua fomu ya daktari, nikaikunja katikati.

"Nataka nikwambie ulichonipa," alisema, "maana nadhani hukijui. Wiki ya mwisho alikuwa na kiu. Anaomba maji, anakunywa, anaomba tena. Daftari lilishafungwa lakini niliendelea kwenda, na kila nikirudi kutoka dirishani ananiuliza, limefunguka? Nasema bado. Anasema, basi kesho. Anasema hivyo kila siku. Kisha akaanza kuongea mambo ya zamani, akaniita kwa jina la mama yake. Kisha ikaja ile pumzi. Wewe ni mtu wa hospitali, unaijua ile pumzi ya sukari, ndefu, nzito, inavyovutwa. Ilikwenda siku mbili. Nyumba yetu ni vyumba viwili, mama, hakuna pa kwenda. Nililala nayo, nikapika nayo. Ningekuwa kiziwi, ningekuwa nimelala. Ningekuwa pia nimepata sindano, lakini tuseme sikupata, tuseme yote yameshindikana. Ningekuwa nimelala."

Aliinamisha kichwa, akakiinua.

"Yote nimeyasikia, mpaka ilipokoma. Hakuna hata moja lililonipita. Sasa niambie wewe uliyetaka nisikie. Hiyo pumzi nitaiweka wapi?"

Nilitafuta neno. Nina miaka sitini na moja, nimekaa na wafiwa wengi kwenye benchi za hospitali, na maneno ya kuwafariji nayajua. Niliyatafuta yote nikapata moja.

"Pole," nilimwambia.

Nilisema chinichini sana, nikiwa nimetazama sakafu, na nilitamani lisifike. Lakini Sekela aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amelisikia.